Neti ya kupandishia maharage: nimetumia misimu mitatu, haya ndio niliyoyaona

Naanza na neti maana ndio iliyokula hela yangu kwanza. Mimi niko Arusha, upande wa Ngaramtoni, nyuma ya nyumba nina kibustani cha mita 10 kwa 8 hivi, nalima mboga za kula wenyewe, sukuma, mnafu, nyanya kidogo, na maharage yale ya kutambaa ambayo usipoyapa kitu cha kupandia yanalala chini, maganda yanagusa udongo na kuoza, panya na konokono wanamaliza yaliyobaki. Nimenunua neti mbili tofauti, nikajaribu na kamba za katani, nikajaribu na fito, misimu mitatu mfululizo, masika ya mwaka jana, vuli, na masika ya mwaka huu. Naandika kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyeeleza kwa Kiswahili sikumpata, kila mtu anasema tu weka neti, neti gani hasemi.

Kwanza tuelewane tunaongelea maharage gani, maana naona watu wananunua neti halafu wanapanda Lyamungu 90 au Jesca chini yake, yale ni mafupi jamani, yanasimama yenyewe kama kichaka, neti yako itakaa tupu msimu mzima. Ya kutambaa ni yale yanayorefuka mita 2 mpaka 3, yanazaa taratibu kwa muda mrefu, leo unachuma huku chini wakati juu bado yanatoa maua. Mimi mbegu nilipewa na mzee jirani yetu, kwao Ngara kule mpakani na Rwanda, huko na ng'ambo ya mpaka kwenye vilima hayo ndio maharage, eneo dogo, watu wengi, kwa hiyo wanaenda juu badala ya kwenda pembeni. Aliniambia "binti yangu, haya ukiyapa mti yanakulipa, ukiyanyima utayachukia". Kabustani kangu ni kadogo, nikaona ndio haya haya yananifaa, maana mstari mmoja wa mita 10 ukienda juu mita 2 ni kama umeongezewa shamba.

Basi nikaenda duka moja la pembejeo mjini, silitaji jina, nikamwambia kijana nataka neti ya kupandishia maharage. Akanitolea ile ngumu ya kijani, ya plastiki iliyomiminwa kipande kimoja, sio ya kusukwa, matundu madogo kama sentimita 5, urefu kwenda juu mita 1.2 tu. Nikamuuliza kaka hii si ya uzio wa kuku, akasema "hapana mama, hii ndio wanachukua wote, inakaa miaka mitano". Nikatoa 38,000 kwa mita 10. Nakubali kwamba kukaa inakaa, mpaka leo ipo nzima, lakini kwa maharage haifai na nataka nieleze kwa nini maana hapa ndipo wengi tunapotapeliwa bila kujua.

Haragwe halipandi kama njegere wala kama tango. Njegere na tango wana vile vikono vyembamba vinavyojikunja na kushika chochote kilicho karibu, uwe uzi umelala au umesimama, kwao sawa. Haragwe halina vikono, linapanda kwa kuuviringisha mwili wake wote kwenye kitu kilichosimama wima. Ile ncha ya juu inakuwa inazunguka hewani inatafuta, mduara mmoja unachukua saa mbili hivi siku ya joto, mwanangu wa darasa la tatu alikaa nayo siku ya Jumamosi akiweka alama kwa vijiti, asubuhi ncha ilikuwa inatazama jikoni, baada ya chai inatazama choo, kabla ya chakula cha mchana imeshagusa kijiti imekizunguka. Ikigusa kitu chembamba chenye kukwaruza kidogo inashika na kupanda, ikigusa kitu laini kinachoteleza inapanda kidogo halafu upepo ukija inashuka. Na ile neti ya kijani ni laini kama sahani, halafu bapa. Kila asubuhi nilikuta miche mitatu minne imeteleza imekaa chini, narudisha, kesho tena.

Na kuna jambo jingine nililifanya vibaya wiki mbili nzima kabla mzee hajaniona. Nilikuwa nikiirudisha naizungusha upande wowote. Haragwe lina upande wake, ukilitazama kutoka juu linazunguka kinyume na mshale wa saa, yote, haijalishi umepanda wapi. Ukilizungusha upande wa mshale wa saa litajifungua lenyewe usiku na kesho utadhani ni upepo. Tangu nijue hilo nikisaidia mche mara moja inatosha, sirudii.

Ubaya wa tatu wa neti ile ni matundu. Sentimita 5 mkono haupiti, kwa hiyo unachuma upande mmoja, halafu unazunguka unachuma upande wa pili, na ganda likichipukia ndani ya tundu linanenepa humo humo linabanwa, kulitoa lazima ulivunje. Na ile mita 1.2 maharage yaliimaliza wiki ya sita, yakafika juu yakakosa pa kwenda yakaanza kujisokota yenyewe kwa yenyewe na kuangukia upande wa pili, katikati pakawa giza, unyevu haukauki, madoa ya kutu, ule ugonjwa wa maharage, yakaingia kwenye majani. Neti hiyo sasa hivi ndio inazuia kuku wasiingie kwenye mnafu, kazi hiyo inaifanya vizuri kabisa. Kama una kuku nunua. Kama una maharage achana nayo.

Vuli nikanunua ya pili, duka jingine, hii ni ya uzi mweupe wa plastiki uliosukwa, inakunjika mkononi kama chandarua kilichotanuka, matundu sentimita 15 kwa 15, kwenda juu mita 2, urefu mita 10, bei 18,000. Nusu ya bei ya ile ya kwanza. Hii ndio neti ninayoizungumzia ninaposema neti ya maharage. Uzi wake ni mwembamba, una vinyuzi vinavyokwaruza, maharage yanaupenda, na ukiitundika vizuri zile nyuzi za wima zinasimama kweli wima. Mkono unapita mpaka kwenye kiwiko, unachuma pande zote mbili bila kuzunguka. Kufunga ni rahisi, mimi na kijana wa nyumbani tulitumia nusu saa, mmoja anashika mmoja anafunga.

Ila sasa, neti hii haina nguvu yake yenyewe, inategemea kabisa hizo nguzo utakazoweka, na mwenye duka hakuambii hilo kwa sababu nguzo hauzi yeye. Mimi niliweka mirunda mitatu kwenye mita 10, mmoja huku, mmoja katikati, mmoja kule, nikaichimbia kama futi moja hivi, juu nikapitisha kamba ya manila, nikaona imependeza. Maharage yakapanda vizuri sana, wiki ya saba ukuta mzima kijani, maua meupe, nyuki wamejaa, nikapiga picha nikawatumia ndugu zangu Korogwe. Mwishoni mwa Novemba ikaja mvua ya usiku na upepo. Asubuhi nakuta ukuta wote umelala kifudifudi, mrunda wa katikati umeng'oka, wa mwisho umevunjika usawa wa udongo, kamba ya manila imekatika. Nililia, nasema ukweli, kwa sababu yalikuwa na maganda machanga kila mahali.

Mzee alikuja na jembe hata sijamwita. Nikamsalimia shikamoo babu, akaitikia huku anatazama nguzo, akasema "umetengeneza tanga la jahazi halafu mlingoti umechomeka kwenye uji". Na kweli ndio hivyo, watu tunahesabu uzito wa maharage tunasahau upepo. Majani yakishajaza neti hewa haipiti, mita 10 kwa 2 ni mita za mraba 20, na yakilowa maji uzito ndio unaongezeka mara moja. Tuliinua tukiwa watu wanne taratibu, tukachimbia upya, na asilimia kubwa ya miche ilipona, ile iliyovunjika shina ndio ikafa, nadhani nilipoteza robo.

Tulivyoirekebisha ndivyo ninavyoiweka mpaka leo, na ningeomba mtu akinunua neti afanye hivi hivi asipunguze. Mirunda mitano, sio mitatu, kila mita 2 na nusu mmoja. Kila mrunda futi 9, futi 2 zinaingia ardhini zinashindiliwa na mawe, futi 7 zinabaki juu. Ile miwili ya mwisho inalazwa kidogo kwa nje, inategemezwa na mti wa mshazari au inavutwa na waya uliofungwa kwenye kigingi, kwa sababu mvuto wote unaishia kwenye nguzo za mwisho, zikilegea hizo zingine zote zinafuata. Juu usipitishe manila, inarefuka ikipata uzito, pitisha waya, mimi nilitumia bindingi waya nikausokota mara mbili, na chini nikapitisha mwingine sentimita 20 kutoka ardhini. Huo wa chini ndio unafanya neti isipepee. Na mstari wangu naupeleka kaskazini kusini, asubuhi jua linapiga upande huu mchana linapiga ule, pande zote zinazaa.

Sasa hela. Neti 18,000, mirunda mitano 20,000, waya kilo moja 5,000. Jumla 43,000. Neti ni chini ya nusu ya gharama. Kwa hiyo mtu akikwambia nimeweka neti ya elfu kumi na nane ujue hajakumalizia hesabu.

Kitu kingine kuhusu kuifunga, iwekwe kabla hujapanda au basi ndani ya wiki mbili tangu upande, haragwe likianza kurusha ncha wiki ya tatu umeshachelewa, utaanza kuchimba nguzo kwenye mizizi na miche imeshashikana yenyewe kwa yenyewe. Na usiishushe mpaka chini kabisa kama una kuku, kuku wangu mmoja alinasa mguu akakutwa jioni amechoka sana. Iache juu kidogo, halafu kila shimo chomeka kijiti kidogo cha kumvusha mche mpaka kwenye neti. Na ikaze! Neti iliyolegea ikaacha mikunjo chini inanasa wanyama wadogo, nilimkuta kinyonga amejisokota humo, nikachukua mkasi nikakata macho matatu ya neti kumtoa, sikujali, kinyonga anakula wadudu wangu.

Mavuno ndio yalinifanya nisamehe yote. Vuli ile pamoja na kuanguka nilianza kuchuma maganda machanga kama miezi miwili baada ya kupanda, na tukaendelea kuchuma karibu wiki sita, kila siku ya pili kisahani cha mboga. Ukichuma machanga mara kwa mara mmea unaendelea kutoa maua, ukiacha yakomae unajua kazi yake imeisha unaanza kukauka. Kwa hiyo nilifanya hivi, nusu ya mstari nachuma machanga, nusu nyingine naacha yakauke ya makande na ya mbegu. Mke wa mzee anapita kuchuma majani yale laini ya juu, wao kwao ni mboga, alinifundisha na sasa tunakula na sisi, yanapikwa na karanga. Na mgongo! Maharage mafupi unainama mstari mzima, mimi nina tatizo la kiuno, hapa nasimama nimenyooka nachuma nikiongea na simu. Hilo peke yake kwangu ni sababu ya kutosha. Majani yanakauka haraka baada ya mvua, maganda hayagusi tope, kutu ilipungua sana kuliko msimu wa kwanza, ingawa haikuisha.

Sasa tufike kwenye kusafisha, na hapa ndipo neti ya uzi mweupe nilipoishushia alama. Maharage yakikauka, marando yake yamejisokota kwenye kila uzi mara ishirini, magumu kama waya. Kuyatoa unakata kipande kipande kwa mkasi, mita 10 zilinichukua siku nzima na nusu, na kila ukivuta kwa hasira uzi unakatika. Ukiacha yaliyobaki unahifadhi ugonjwa, ile kutu na yale madoa pembe, ugonjwa mwingine wa majani, vinalala kwenye mabaki vinasubiri msimu ujao. Mimi niliiosha kwa sabuni nikaianika. Msimu wa pili wa matumizi, masika ya mwaka huu, ule upande unaopigwa sana na jua la mchana nyuzi zikaanza kuwa kama zimeungua, ukizishika zinatoa unga, zinakatika zenyewe. Kijana wa dukani aliniambia misimu sita. Kwangu ni miwili, labda ukiitoa jua na kuihifadhi ndani mara tu unapovuna utapata mitatu.

Na vile vipande. Hapa nasema kwa uchungu kabisa. Baada ya kuvuna nilikuwa natifua udongo nakuta vinyuzi vyeupe kila mahali, kwenye mboji, kwenye mizizi ya sukuma, kuku wanavidonoa wakidhani minyoo. Nchi yetu iliachana na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukazoea vikapu, na mimi nilishangilia, halafu leo nazika plastiki kwa mkono wangu mahali ninapopata chakula cha watoto. Sikuweza kuendelea hivyo.

Ndio nikakumbuka katani. Mimi nimekulia Korogwe, baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, harufu ya kile kiwanda naijua mpaka leo, mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na vizazi vya kwetu vimekula na kusoma kwa hiyo kamba. Na sikuwahi kuifikiria kwenye bustani, nikakimbilia plastiki. Masika ya mwaka huu nikagawa, nguzo zile zile tano, waya ule ule juu na chini, upande mmoja mita 5 neti iliyobaki, upande wa pili mita 5 nikashusha kamba za katani, kila sentimita 30 kamba moja, inafungwa waya wa juu inashuka inafungwa waya wa chini. Chini ya kila kamba shimo moja, mbegu mbili.

Nyie, maharage yanaijua katani. Siku ile ile ncha ilipogusa ikashika, sikurudisha mche hata mmoja, hata mmoja. Kamba ina yale manyoya ya kukwaruza, ni wima kabisa, haina njia nyingine zaidi ya kupanda juu. Upande wa neti mche unafika kwenye fundo unahamia uzi wa jirani, unarudi, wanasongamana, upande wa katani kila mmoja na njia yake, mwanga unapita katikati unaona ng'ambo. Upepo nao unapita. Kutu upande wa katani ilikuwa kidogo zaidi, naona ni kwa sababu ya hiyo hewa. Mavuno sikuyapima kwa mzani kwa hiyo sitadanganya, kwa macho yalilingana, ila ya katani niliyachuma kwa raha zaidi.

Kwa mstari mzima wa mita 10 unahitaji kamba 34, kila moja mita 2 na nusu pamoja na ya kufungia, jumla mita 85. Mimi nilinunua kilo moja kwa 8,000 ikabaki. Chagua ile nyembamba, unene wa kama njiti mbili za kiberiti ukiziweka pamoja, ile nene ya kufungia ng'ombe ni hasara bure. Ubaya wake upo. Kufunga moja moja ni kazi, neti nusu saa, kamba hizi zilinichukua asubuhi nzima na vidole viliniuma. Ikilowa inajikaza ikikauka inalegea, kwa hiyo wiki ya kwanza ya mvua pita uikague, kama uliifunga imekaza sana kikavu inaweza kuvuta waya wa chini ukang'oka. Na haikai, mwisho wa msimu mmoja wa mvua sehemu iliyogusa udongo imeshaoza. Kwangu hiyo ndio faida! Nilipomaliza kuvuna nilichukua kisu nikakata juu, nikakata chini, kamba na marando yake vikaanguka pamoja, nikavitupa kwenye shimo la mboji vyote. Dakika kumi. Siku moja na nusu dhidi ya dakika kumi, mwenye bustani atanielewa. Ila yale yenye ugonjwa mwingi niliyatenga nikayachoma, sikuyaweka mboji.

Fito nazo nieleze kidogo maana mzee yeye hatumii neti wala kamba, anachomeka fito tatu au nne anazifunga juu kama kibanda cha kuchungia, kila mguu miche miwili. Haianguki kwa upepo hata siku moja, hilo nakiri. Kwao Ngara na kule Rwanda hata mabua ya mabingobingo yanatumika miti ikikosekana. Mjini kupata fito nzuri ni tabu, mchwa wa kwetu wanazila msimu mmoja zimekwisha, na kuna watu watakushauri upake oili chafu ya gari miguuni, tafadhali usipake kwenye bustani ya mboga, oili inaingia ardhini unakula. Mzee anababua miguu kwenye moto mpaka inakuwa myeusi nje, mirunda yangu nilifanya hivyo na mpaka leo bado inasimama. Halafu usichomeke mti mbichi wa mforosadi, niliuchomeka mmoja ukachipua, sasa nina mforosadi katikati ya maharage. Watoto wameukatalia kukatwa. Na wanaopandisha kwenye mahindi, inawezekana, ila mahindi yatangulie wiki mbili tatu, ukipanda siku moja haragwe linayavuta chini.

Alama zangu basi. Neti ngumu ya kijani, matundu madogo, kwa maharage nyota moja kati ya tano. Neti ya uzi mweupe ya sentimita 15, nyota tatu kwa maharage, ila kwa matango ningeipa nne, yale yana vikono na yakikauka yanatoka kirahisi, na hicho kipande changu kilichobaki kizima ndio kimeenda kwenye matango maana maharage nahamisha mstari kila msimu, siyarudishi pale pale. Kamba ya katani nyota tano kasoro vidole. Kama una mstari mmoja au miwili ya nyumbani nunua katani. Kama unalima robo eka huna watu wa kufunga kamba, hapo neti ina maana, ila dukani usikubali kuangalia ikiwa imekunjwa, ifungue, pitisha mkono mpaka kiwiko, vuta uzi mmoja kwa nguvu, ukwaruze kwa kucha uone kama unateleza, na umuulize muuzaji iliwekwa wapi, maana ile inayoning'inizwa nje ya duka kwenye jua kwa matangazo usiichukue hata kwa punguzo, imeshaanza kufa kabla hujaipeleka nyumbani.

Mtu akitaka kuja kuona aje mapema Novemba, ndio nitakuwa nafunga zile kamba 34 za vuli, na aje na mkasi wake, nina mmoja tu.